Kelele za Usiku Katika Chumba cha Mwanangu

Mama msomaji, mimi ni muuguzi. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini tangu nilipopata stashahada yangu, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikilala mchana kama popo. Ukitoka zamu ya usiku, macho yanawasha na miguu imevimba, huombi kitu kingine ila kitanda na kimya. Majirani zangu hapa Dodoma wananijua. Hata muuza maziwa hupita mlangoni kwangu bila kupiga honi. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba mwaka jana nilikaribia kukosana kabisa na mtoto wangu wa kwanza, si kwa sababu ya pombe wala wasichana, bali kwa sababu ya feni mbili ndogo ambazo kila moja ingeweza kukaa kiganjani mwangu.

Naiandika habari hii kwa kuwa najua nyumba nyingi siku hizi zina kijana na kompyuta, na mama aliye upande wa pili wa ukuta.

MKOPO WA MILIONI MBILI NA NUSU

Mwanangu alikuwa ameingia mwaka wa pili wa chuo, akisomea mambo ya kompyuta, na anaishi nyumbani. Kompyuta aliyokuwa nayo ni ile aliyorithi kwa mjomba wake. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji na kurudi ukaikuta bado inajiandaa. Akatuambia kwamba mwaka huo wangefundishwa kutengeneza michoro ya majengo na vitu vingine inayoonekana pande zote, na kwamba kazi hiyo inahitaji laptopu yenye chipu ya pekee kwa ajili ya picha.

Baba yake ni mwalimu wa sekondari, mtu wa hesabu. Alisema laptopu ya kawaida ya laki saba ingetosha. "Mama, hiyo anayoitaka ni ya gemu," aliniambia usiku tukiwa wawili. "Mimi nawafundisha vijana hawa, nawajua." Nilimtetea mwanangu. Nikaenda kwenye SACCOS yetu ya kazini, nikakopa shilingi milioni mbili na nusu, za kukatwa kwenye mshahara kwa miezi 24.

Mashine ilipofika nyumbani tuliizunguka wote kama mtoto mchanga. Nyeusi, nzito, taa zinawaka chini ya vitufe, na ile chaja yake kubwa kama tofali. Mimi kwa furaha nilifua kitambaa cheupe nilichokisuka mwenyewe kwa uzi, nikakipiga pasi na kuifunika nacho. Kila kitu cha thamani sebuleni kwangu kina kitambaa chake: redio, televisheni, hata jagi la maji. Nilimwambia mwanangu, "Vumbi la Dodoma halina adabu. Usiiache wazi hii." Akakubali.

Wiki za kwanza nilijivuna. Kisha kelele zikaanza.

KELELE NA MANENO

Sijui kama umewahi kuisikia laptopu ya namna ile ikifanya kazi nzito. Huanza kama birika linalokaribia kuchemka. Baada ya dakika chache inapanda, inakuwa kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na inabaki hapo hapo, haishuki. Ukuta kati ya chumba chetu na chake ni wa jipsamu, tuliuweka tulipogawa chumba kikubwa, na jipsamu haizuii kitu. Nikilala mchana naisikia. Nikiwa nyumbani usiku naisikia, pamoja na yeye mwenyewe akipiga ukelele, "Goli!" Alikuwa akicheza ule mchezo wa mpira wa miguu uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC.

Nikaanza pia kuangalia luku. Chaja ile iliandikwa wati 180. Nilipiga hesabu kama ninavyopiga hesabu za dripu: ikivuta umeme wote huo kwa saa tano ni wati-saa 900, yaani karibu uniti moja kila usiku, sawa na pasi ya wati 1,000 ikiwaka karibu saa nzima. Si fedha ya kumfilisi mtu, lakini kwa mama aliyechoka kila uniti ni ushahidi.

Siku moja ya Alhamisi nilitoka zamu ambayo tulipoteza mgonjwa alfajiri. Nilipoweka kichwa kwenye mto, ile mashine ikaanza. Niliamka, nikafungua mlango wake bila kubisha hodi, nikasema maneno ambayo mama hapaswi kumwambia mtoto. Nilimwambia, "Nimekopa mkate wa wadogo zako ili wewe ucheze mpira wa kwenye kioo? Baba yako alisema, sikumsikia. Ningejua ningekununulia jembe."

Hakunijibu kwa ukali. Ni mtoto mpole. Alisema tu, "Samahani, mama," akaizima.

Tangu siku ile kelele zilipungua sana. Nililala. Nikamwambia mume wangu kwamba kijana sasa amesikia. Naye akaguna tu, kama anavyoguna akisahihisha daftari lenye jibu sahihi lakini njia haionekani.

SOMO LA HOMA

Kila Jumamosi alasiri huwa najitolea kanisani kwetu kuwafundisha akina mama vijana malezi ya watoto wachanga. Jumamosi iliyofuata somo lilikuwa homa. Niliwauliza, "Mtoto akichemka mwili usiku, unafanya nini?" Mama mmoja akajibu kwa kujiamini, "Namfunika blanketi zito atoe jasho, homa ishuke."

Jibu hilo nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Nikawaeleza tena kwa subira. Mwili wenye joto hujitahidi kulitoa nje: ngozi inatoa jasho, damu inakuja karibu na ngozi, pumzi zinakwenda haraka, na moyo nao unaongeza mapigo. Ukimfunga mtoto mablanketi unaziba milango yote ambayo joto lingetokea. Mvue nguo nzito, mwache na nguo nyepesi, mpe maji au maziwa ya mama mara kwa mara, na mlete kituoni apimwe malaria, kwa sababu homa ni dalili na chanzo chake kiko mahali pengine. "Pumzi za haraka zinakutisha," niliwaambia, "lakini usizichukie hizo pumzi. Tafuta kinachozileta."

Walitikisa vichwa. Nami nikakunja vitabu vyangu nikarudi nyumbani, nikiridhika kama mwalimu yeyote asiyejisikiliza mwenyewe.

SIKU ILIPONYAMAZA

Jumanne iliyofuata nilikuwa nimelala baada ya zamu. Mnamo saa nane mchana niliamka ghafla. Sikuamshwa na kelele. Niliamshwa na kimya.

Wauguzi watanielewa. Wodini kuna mashine ya kutengeneza oksijeni, inanguruma usiku kucha hata huisikii tena. Ikinyamaza ndipo tunapokimbia. Ndivyo nilivyoamka siku ile. Kulikuwa na mngurumo mdogo, uliozibwa, ambao sikujua kwamba naendelea kuusikia hata usingizini, nao ulikuwa umekatika.

Nilikwenda chumbani kwa mwanangu. Alikuwa amekaa kitandani ameshika kichwa kwa mikono miwili. Chumba kilikuwa na joto na harufu kama ya nguo iliyoachwa chini ya pasi. Mbele yake, juu ya godoro, laptopu ilikuwa imefunikwa pande zote kwa blanketi lililokunjwa mara mbili, kioo tu ndicho kilichoonekana, nacho ni cheusi. Kitambaa changu cheupe kilikuwa humo pia, kimebanwa nyuma ya mashine.

Hasira ikanipanda upya. "Kumbe ndivyo unavyofanya! Unaificha chini ya blanketi ili nisisikie unacheza!"

Akainua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, sikuwa nacheza. Ilikuwa ni kazi ya chuo, mchoro wa jengo, ulikuwa unajitengeneza kwa saa tatu. Ulikuwa umebakiza kidogo. Imejizima." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Niliifunika ili upate kulala."

Nilishindwa kusema. Nikainamia ile mashine, nikaigusa chini. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono upesi. Nikaona jambo ambalo ningeliona mara moja kama ingekuwa mtoto wa mtu mwingine wodini: kitu kinachochemka, kimefungwa blanketi, na mama amesimama karibu akifoka.

Tulichomoa umeme. Tukaitoa kitandani tukaiweka kwenye sakafu ya saruji, bila kuifunika. Hatukusemezana sana. Nilimletea chai, akanywa.

KWA FUNDI

Kesho yake tuliipeleka kwa fundi mjini. Nilitegemea kukutana na mwanamume mwenye miwani. Nikamkuta binti wa miaka kama ishirini na mitano, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali. Alitusalimia kwa shikamoo, akaigeuza laptopu, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, kisha akaniita nisogee nitazame.

Ndani mlikuwa na mabomba mawili bapa ya shaba, feni mbili, na mwisho wa mabomba vitu kama meno ya chanuo, vyembamba mno. Kati ya yale meno kulikuwa na utando wa kijivu kama pamba chafu. Akautoa kwa kibano. Ulikuwa ni vumbi letu la Dodoma lililoshikamana na nyuzi ndogo nyeupe. Nilizijua nyuzi zile. Nilizisuka mwenyewe.

Yule binti hakunicheka. Alinieleza kwa utaratibu, nami nawaeleza ninyi nilivyoelewa.

Ndani ya laptopu mna vitu viwili vinavyotoa joto kuliko vyote: prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na chipu ya picha. Unapoandika barua, vyote viwili karibu vimesinzia. Unapocheza gemu, au unapotengeneza mchoro mkubwa, vinafanya kazi kwa nguvu zote, na karibu umeme wote vinaoutumia hugeuka kuwa joto. Yale mabomba ya shaba yana kimiminika kidogo ndani yake. Upande wa moto kinageuka mvuke, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena na kurudi. Hivyo joto linasafirishwa hadi kwenye yale meno, na feni zinapuliza hewa kati yake na kulitoa nje.

"Sasa, mama," akasema, "hewa inaingilia kwa chini. Ukiiweka kwenye godoro, pua zimezibwa. Ukiweka blanketi nyuma, mdomo nao umezibwa."

Nilimuuliza joto lenyewe ni kiasi gani. Akasema prosesa nyingi za laptopu watengenezaji wake huziruhusu kufikia nyuzi 95 hadi 105 za Selsiasi. Mimi niliyezoea kuhangaika na nyuzi 38 nilipigwa na butwaa. Ikikaribia kikomo chake, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo mwanangu akadakia: ndiyo maana gemu ilikuwa inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inakuwa nzito, wachezaji wanatembea kama wana malaria. Alidhani ameuziwa mashine mbovu, na aliogopa kutuambia kwa sababu ya mkopo. Na ikiwa kupunguza kasi hakutoshi, mashine inajizima kabisa, kama mtu anavyozimia. Ndicho kilichotokea Jumanne.

Alituonya pia kuhusu betri. Betri za lithiamu haziliwezi joto. Huchakaa mapema, na nyingine huvimba. Ukiona laptopu imebinuka kwa chini au sehemu ya vitufe imeinuka, usiitumie, usiichaji, wala usijaribu kuitoboa. Ipeleke kwa fundi. Na laptopu inayofanya kazi nzito isiachwe kamwe kitandani, hasa mtu akiwa amelala.

Nami nikaongeza la kwangu la kiuuguzi. Vijana wanapenda kuipakata. Joto la namna hiyo likikaa juu ya ngozi siku baada ya siku, hata kama haliunguzi, huweza kuacha alama za madoa yenye umbo la wavu mapajani. Ni zile zile tunazoziona kwa watu wanaokaa karibu mno na moto. Meza ipo kwa kazi hiyo.

HAITANYAMAZA KABISA

Nilimuuliza yule binti swali lililonileta: "Sasa ukishaisafisha, itaacha kelele?"

Akatabasamu. "Hapana, mama. Itapunguza. Laptopu ya kazi nzito ni mwili mdogo wenye joto kubwa, lazima ihemee. Ikinyamaza huku inafanya kazi, ndipo uogope."

Alitutoza shilingi elfu thelathini, pamoja na kubadilisha ile dawa ya kupitisha joto inayopakwa kati ya prosesa na shaba, maana huweza kukauka. Alitupa maagizo, na mwanangu aliyaandika. Nayaweka hapa kwa faida ya mama mwenzangu aliye na kijana kama wangu.

Kwanza, mashine ikae juu ya meza ngumu, na upande wa nyuma uinuliwe kidogo. Sisi tulitumia vipande viwili vya mbao, vya unene wa vidole viwili, ili hewa ipite chini.

Pili, kitambaa kiwekwe ikiwa imezimwa na kupoa tu. Ikiwaka, kiondolewe.

Tatu, isafishwe vumbi kila baada ya miezi michache, hasa wakati wa upepo wa kiangazi. Anayepuliza hewa azime mashine kwanza, kisha azuie feni kwa kijiti kisichoumiza, isizungushwe kwa nguvu na hewa hiyo.

Nne, kuna mpangilio ndani ya kompyuta wa kuchagua kati ya kimya, wastani na nguvu zote. Kazi za kuandika zifanywe kwenye kimya. Gemu ichezwe kwenye wastani.

Tano, na hili ndilo lililosaidia kuliko yote, gemu iwekewe kikomo cha picha. Picha ya gemu huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde. Mashine ya mwanangu ilikuwa ikijitahidi kuchora zaidi ya picha 120 kila sekunde, kwa sababu hakuna aliyeiambia itosheke. Kwa mchezo wake wa mpira, picha 60 kwa sekunde zinapendeza macho bila shida. Alipoweka kikomo hicho, chipu ilipumzika, joto likashuka, na feni zikashusha sauti.

Jioni ile alipima kwa programu ndogo ya simu. Najua simu si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inafaa. Hapo mezani alipokaa, kabla ya kuweka kikomo, ilisoma desibeli 51. Baadaye, kwa gemu ile ile, 42. Joto la prosesa, ambalo kabla ya fundi lilikuwa likifika 97, likakaa kwenye 83 au 84, na wale wachezaji waliacha kutembea kama wagonjwa. Desibeli tisa zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini sikio la mtu hulisikia punguzo la desibeli kumi karibu kama nusu ya sauti. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wodini usiku sauti isizidi wastani wa desibeli 30. Nyumba yangu haijafika huko, na nikiwa mkweli hata wodi yangu haijafika, lakini nalala.

KILICHOKUWA CHINI YA BLANKETI

Ningeweza kuishia hapa, ingekuwa habari ya mashine tu. Lakini tulipokuwa tunarudi kwenye bajaji, laptopu ikiwa mapajani mwangu, imezimwa na ya baridi, nilimuuliza mwanangu jambo ambalo ningepaswa kumuuliza mwanzoni. Nilimuuliza kwa upole, nikitazama barabarani, maana vijana wa kiume huongea vizuri zaidi usipowatazama machoni.

"Baba, mbona unacheza mpaka saa tisa za usiku?"

Tulipita mzunguko mmoja, tukapita wa pili. Kisha akaniambia. Alikuwa ameshindwa mtihani wa hesabu mwisho wa mwaka wa kwanza, ana sapu, na alikuwa bado hajaniambia mimi wala baba yake, mwalimu wa hesabu. "Nikilala naiona ile karatasi," alisema. "Nikicheza, mama, kichwa kinanyamaza."

Mwenzangu, mimi ndiye ninayewafundisha wengine kwamba homa ni dalili. Nilikuwa nimesikia pumzi za haraka za mtoto wangu kwa miezi, nikamwagiza azifunike.

Nilijiuliza pia kama gemu zimemtawala. Kuna ugonjwa wa namna hiyo: Shirika la Afya Duniani limeuingiza katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu anashindwa kujizuia, michezo inachukua nafasi ya mbele kuliko mambo mengine ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Hali hiyo iwe imevuruga kweli masomo, kazi au familia, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Mwanangu hakuwa hapo. Alikuwa anakula, anaoga, anakwenda chuo, anacheka na wadogo zake. Lakini mama asingoje miezi 12 itimie ndipo aulize swali.

Kumwambia baba yake ilikuwa kazi. Alikwenda mwenyewe, nami nilikaa jikoni nikisikiliza kupitia ule ule ukuta wa jipsamu. Nilitegemea radi. Nikasikia kimya kirefu, halafu sauti ya mume wangu: "Lete hayo maswali tuone ulikwama wapi." Tangu siku ile, jioni tatu kila wiki walikaa mezani pamoja. Mume wangu hajawahi kukiri kwamba ile laptopu ilikuwa na haja. Mpaka leo anaiita "ile gemu ya mama yako." Sapu aliifanya, akafaulu kwa alama za kawaida tu, za kutosha.

TULIPOFIKIA

Ratiba yangu ya zamu sasa imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Nikitoka usiku, asubuhi hiyo kazi nzito za mashine zinafanyika sebuleni, mbali na chumba chetu. Gemu ni baada ya masomo, na mwisho ni saa tano za usiku. Haishiki kila mara. Zipo siku ninaamka kunywa maji saa saba nikaona mwanga chini ya mlango wake.

Alinunua hedifoni ili asisikie feni, na hapo nilimpa onyo, kwa sababu vijana wakitaka kuishinda kelele huongeza sauti mpaka masikio yanaumia. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hulipendekeza kwa mtu mzima ni wastani wa desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni 75. Kwa lugha ya nyumbani, sauti isizidi asilimia 60 ya kipimo cha juu cha kifaa. Sikio likishauawa na kelele halifufuki kwa dawa yoyote niliyo nayo kwenye kabati la wodi.

Mkopo bado unakatwa. Kitambaa changu cheupe nimekifua, nacho kimerudi juu ya redio, ambayo haijawahi kulalamika.

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani usiku. Nikiwa nimelala nikasikia zile feni zinaanza, kama birika. Nilisikiliza kidogo. Mama aliyelea anajua kilio cha njaa na kilio cha maumivu, na mimi sasa naijua sauti ya mchoro wa chuo na sauti ya mpira: mchoro unanguruma bila kupumzika, mpira unapanda na kushuka. Nikainuka, nikavaa khanga, nikaenda mlangoni. Safari hii nilibisha.

"Hodi?"

"Karibu, mama."

"Unafanya kazi au unacheza?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nacheza, mama."

"Kuna jambo?"

"Hakuna, mama. Leo ni raha tu."

"Haya. Nusu saa."

Nikarudi kulala. Ziliendelea kunguruma kule ng'ambo ya ukuta, nami nikapitiwa na usingizi kabla nusu saa haijaisha.